Sura ya Tano: Kiasi na Risasi

Wazee wa pwani, walipokwisha kuzizoea bunduki zilizowafikia kwa majahazi, waliyapa baadhi ya mambo ya silaha hiyo majina ambayo tangu hapo yalikuwa yakitumika sokoni na chomboni. Dude lile linalotoka kinywani mwa kasiba na kwenda kuua waliliita risasi, ambalo ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya rangi ya majivu ambayo mvuvi huyafunga kwenye mshipi wake ili ndoana ishuke. Na zilipokuja bunduki za kukunjwa, ambazo baruti na risasi zake zimekwisha kufungwa pamoja katika ganda moja, ganda hilo pamoja na vyote vilivyomo wakaliita kiasi. Neno hili nimelifikiri mara nyingi. Kiasi ni kipimo, ni kadiri isiyozidi wala kupungua, na yule wa kwanza aliyelitaja fungu la baruti kwa jina hilo alikuwa amekwisha kuifahamu, kwa neno moja tu, kazi yote ninayokusudia kuieleza katika sura hii.

Kazi yenyewe ni ya kujaza viasi nyumbani kwa mkono, na hasa viasi vya shotgani ambavyo ndani yake hutiwa risasi moja nzito badala ya yale marisaa madogo madogo ya kupigia ndege. Wamarekani risasi hiyo huiita slagi, nami nitaiita hivyo hivyo kwa kuwa hatuna jina lake mahsusi. Ni shughuli ya kwao, ya mabanda yaliyo nyuma ya nyumba katika majimbo ya katikati na ya kaskazini mashariki ya Marekani, wakati kiangazi kinapokwisha na msimu wa kuwinda ayala unapokaribia. Wala msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiisome kwa nia ya kuijaribu, maana kwetu sheria haimruhusu raia kujitengenezea risasi bila ya idhini, na Tanzania imelitilia nguvu jambo hilo katika sheria ya silaha ya mwaka 2015.

Huenda mtu akauliza, kwa nini mwindaji wa nchi tajiri, ambaye dukani kwake raifali zimepangwa kama mikungu ya ndizi, ahangaike na shotgani, bunduki ambayo kasiba yake ni laini ndani, haina ile mitaro ya kuizungusha risasi, na ambayo kwa asili iliundwa kwa ajili ya bata na kware? Jawabu ni ardhi. Ohio, Indiana, Illinois na Iowa ni majimbo ya nchi tambarare, mashamba ya mahindi yaliyopakana na mashamba mengine, nyumba moja hapa na nyingine kule, na risasi ya raifali iliyomkosa mnyama huweza kusafiri kilomita kadhaa kabla ya kuanguka mahali ambapo aliyeipiga hakuweza hata kupaona. Kwa hiyo wenye mamlaka, kwa miaka mingi, waliwaamuru wawindaji wa ayala watumie shotgani, ambayo slagi yake huchoka upesi. Massachusetts mpaka leo hairuhusu raifali kwa ayala. Napenda niseme, kwa ajili ya uadilifu, kwamba hoja hiyo haikusalimika kabisa: uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya bunge la jimbo la Pennsylvania, na kutolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba risasi ikipigwa chini chini, karibu sambamba na ardhi, slagi huweza kudunda na kuendelea na safari yake kwa namna inayoifanya kuwa ya hatari kuliko ilivyodhaniwa, hata kuliko raifali yenyewe. Lakini sheria zilikuwa zimekwisha kupita, na chini ya sheria hizo ufundi ukazaliwa.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuzielewe hesabu za bunduki hii, maana nambari zake huwatatiza wengi, nazo kwa hakika ni hesabu za mizani ya kale. Shotgani ya nambari 12 huitwa hivyo kwa sababu ratili moja ya madini ya risasi, ikigawanywa katika matufe 12 yaliyo sawa, kila tufe litaenea barabara ndani ya kasiba yake. Tufe hilo lina upana wa milimita 18.5 na uzito wa gramu 38 hivi. Nambari 20 ni ndogo kuliko nambari 12, kwa kuwa ratili ile ile imegawanywa vipande vingi zaidi. Basi hata jina la bunduki limetoka katika mizani.

Mtu wa zamani aliyetaka kumwangusha mnyama mkubwa kwa bunduki ya marisaa alifanya lile lililo jepesi kulifikiri, akatia tufe moja. Walakini kasiba nyingi za shotgani hubanwa kidogo kwenye mdomo ili marisaa yasitawanyike mno, na tufe linaloenea katikati ya kasiba lingekwama hapo na kuipasua. Kwa hiyo likasubiwa dogo, lenye nafasi pande zote, likawa linagonga huku na huku njiani kama jiwe ndani ya kibuyu, na likifika mdomoni latoka upande wowote ambao pigo la mwisho limelielekeza. Hatua arobaini hivi, na mpigaji hana tena dhamana. Wako waliokata shauri jingine katika miaka ya dhiki, wakaichezea kwa kisu au kwa nta ile shehena ya marisaa ili iende pamoja kama kitu kimoja, na hiyo ilikuwa njia ya kuiharibu bunduki na pengine uso wa mwenyewe.

Mjerumani Wilhelm Brenneke, fundi na mbunifu wa silaha aliyezaliwa mwaka 1865, ndiye aliyelifungua fundo hilo kwanza, mwaka 1898. Yeye alisubu risasi nzima isiyo na uwazi, yenye mbavu ubavuni, na nyuma yake akakaza kwa parafujo kizibo cha sufu iliyogandamizwa, kisichoachana na risasi hata baada ya kutoka kasibani. Mtu yeyote aliyewahi kuutazama mshale ataelewa mara moja alichokifanya: chuma mbele, manyoya nyuma. Kizito hutangulia, chepesi hufuata, na hewa, ambayo hukivuta nyuma kile kilicho chepesi, ndiyo yenyewe inayouweka mshale katika njia yake.

Wa pili alikuwa Karl Foster, Mmarekani, na habari yake yanivutia zaidi kwa sababu ya wakati wake. Mwaka 1931 nchi ile ilikuwa katika ule mdororo mkuu, viwanda vimefungwa na watu wanasimama foleni kungojea supu, na mwenye shotgani moja ya marisaa aliyoirithi kwa baba yake hakuwa na uwezo wa kununua raifali, ilhali nyama ya ayala ilikuwa chakula cha majira ya baridi. Kwa watu wa hali hiyo Foster alibuni slagi yake. Hakuongeza kitu katika risasi, alipunguza. Alichimba uwazi kwa nyuma, akaliacha pua la mbele peke yake likiwa nene, hata umbo lote likafanana na kastabini ya mshonaji, ile kofia ndogo ya chuma ya kuvaa kidoleni ili sindano isichome. Uzito umekuwa mbele, pindo jembamba limebaki nyuma, na kizibo cha pekee cha kukazwa kwa parafujo hakihitajiki tena. Kampuni ya Winchester ilianza kuuza slagi za namna hiyo mwaka 1936, na hati ya kuilinda kazi yake Foster aliipata mwaka 1947.

Ukiiweka slagi ya Foster kiganjani, jambo la kwanza litakalokushtua ni uzito wake kwa udogo wake. Wakia moja, gramu 28, na haijai hata kiungo cha kwanza cha kidole gumba. Iguse kwa ukucha, ukucha utaacha alama, maana ni risasi laini isiyochanganywa na kitu. Ubavuni utaona vijitaro vilivyolala mshazari kuizunguka, na hapo ndipo wengi, wakiwamo wauzaji, husema kwa kujiamini kwamba vijitaro hivyo huizungusha slagi hewani kama mitaro ya raifali. Si hivyo. Mzunguko wanaoutia ni mchache mno kuweza kuinyoosha. Kazi yao ya kweli ni ya unyenyekevu zaidi: slagi ifikapo kwenye mdomo uliobanwa, madini laini ya zile mbavu husongeka na kuingia katika nafasi za vijitaro, na kwa hivyo hupita salama bila ya kuidhuru kasiba. Kinachoinyoosha ni ule uwazi ambao ukiutazama kwa mbele hauuoni kabisa. Naona vibaya kwamba sifa imepewa kile kinachoonekana, na aliyefanya kazi kasahauliwa kwa kuwa ni tundu.

Basi sasa tuingie bandani.

Nilipokuwa mtoto nilimwona mvuvi mmoja mzee akisubu chubwi za mishipi yake uani kwake. Alikuwa na sufuria kuukuu, vipande vya bomba la zamani la maji, na kalibu ya mawe mawili aliyoyachonga mwenyewe. Na kabla hajamimina tone moja aliyaegemeza mawe yale kando ya moto, akayageuza, akayageuza tena, hata nikachoka kungoja. Nikamwuliza, “Babu, mbona humimini?” Akaniambia, “Rudi nyuma, mjukuu wangu. Jiwe hili lilalapo nje hunywa umande, na risasi ya moto haipatani na maji.” Sikufahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima na kuyasoma maneno hayo hayo katika vitabu vya wasubu slagi wa Marekani. Tone moja la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafula, na mvuke, ambao wahitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko maji, huitafuta nafasi hiyo kwa kukirusha chungu kizima cha madini usoni mwa aliye karibu. Kwa hiyo msubu wa kule huvaa miwani, glovu na mikono mirefu hata siku ya joto, na kikombe chake cha kahawa hukiacha nyumbani.

Risasi huyeyuka katika joto la digrii 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la kawaida laweza kulifikia, na ndiyo sababu madini haya yamekuwa rafiki wa watu wa nyumbani tangu kale. Msubu hulipita joto hilo kwa kiasi fulani, akatupa kipande kidogo cha nta ya nyuki juu yake na kukoroga, nta ikawaka na kuzikusanya taka zote juu kama povu la mchuzi, akaziengua. Kisha humimina. Slagi za mwanzo hutoka zimekunjamana kama ngozi ya embe lililonyauka, kwa kuwa kalibu bado ni baridi na madini yameganda kabla ya kuzijaza pembe. Hizo huzirudisha chunguni bila ya masikitiko. Kalibu ikishika moto wake, slagi hutoka zinang’aa, pembe zimekaa, pindo la nyuma zima mzunguko wote. Ikizidi moto, uso wake hufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na hapo msubu hupumzika kidogo. Haya yote hayaelezeki vyema kwa karatasi. Mkono huyajua baada ya mia moja za kwanza.

Madini gani atumie? Marisaa ya dukani hutiwa antimoni, jiwe ambalo unga wake tangu zamani umetiwa katika wanja, ili yawe magumu na yasipondeke yanaposukumana kasibani. Slagi ya Foster haitaki ugumu huo, maana yatakiwa ikubali kusongwa. Msubu mwenye pupa anayetumbukiza chunguni kila chuma cha kijivu alichookota, vyuma vya kusawazishia magurudumu na vifungo vya betri, hajui amesubu nini, na vya betri huweza kumtolea hewa ya sumu kali.

Slagi zikipoa huanza ibada ya mizani. Nasema ibada kwa kuwa sikupata jina lililo bora zaidi la utulivu ule. Kila moja hupandishwa mizanini peke yake, na iliyo nyepesi kuliko wenzake huwekwa kando hata kama kwa macho haina ila, maana wepesi wake wasema kwamba ndani kuna hewa, tundu ambalo hakulikusudia Foster, na tundu lililo upande mmoja litaipotosha slagi njiani kama kokoto ndani ya kiatu inavyompotosha mtu mwendo.

Ama baruti, hapa ndipo nawaomba wasomaji wasinidai hesabu, kwa kuwa sitaitoa. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa na rehema moja: ililijaza ganda, na mtu asingeweza kutia mara mbili bila ya kuiona ikimwagika. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu nyingi katika fungu dogo, na fungu hilo likiwa chini ya ganda refu lenye giza, la pili laweza kufuata juu yake kwa kusahau tu, kwa sababu simu imelia au jirani amebisha hodi. Kiasi cha nambari 12 cha kawaida kimewekewa mpaka wa shinikizo la ratili 11,500 kwa kila inchi ya mraba, na ukuta wa kasiba umefanywa kwa mpaka huo. Tena baruti hazifanani. Iliyo njema kwa shehena moja ni balaa kwa nyingine, na hata kubadili fataki ya kuiwashia baruti, kizibo au ganda, ingawa kila kingine kimebaki vile vile, huweza kulipandisha shinikizo kwa kadiri ambayo jicho halitambui. Kwa hiyo mjazaji wa kweli ni mtu wa kitabu. Hufuata orodha iliyopimwa katika maabara na watengenezaji wa baruti, neno kwa neno, na mahali ambapo orodha haikutaja kitu chake hukiacha. Huweka baruti moja tu mezani kwa wakati mmoja. Maganda yakiwa yamesimama katika ubao wenye matundu, huyamulika yote kwa taa kabla ya kutia slagi, akilinganisha kina cha baruti katika kila moja. Nimewasikia watu wakiiita hadhari hii woga. Mimi naona ni adabu.

Vifaa vyenyewe havikuwa vya matajiri. Mwaka 1958 Richard Lee wa jimbo la Wisconsin alianza kuuza seti ndogo ya zana za mkono za kujazia viasi vya shotgani, ambazo mtu aliweza kuzitumia kwa nyundo nyepesi juu ya meza ya jikoni. Maganda ya zamani yalikuwa ya karatasi iliyotiwa nta, yenye harufu nzuri baada ya kupigwa lakini yenye kuvimba yakipata mvua. Remington ilileta ya plastiki mwaka 1960, na ganda la plastiki hujazwa tena mara kadhaa kabla mdomo wake haujapasuka. Kiasi cha marisaa hufungwa kwa kuukunja mdomo kama nyota, bali cha slagi aghalabu huvingirishwa ukingo wake kuelekea ndani, kama mshonaji anavyopinda upindo wa kanzu, pua la risasi likabaki likichungulia.

Marekani haimdai mtu leseni ya kujijazia viasi kwa matumizi yake mwenyewe, ila akianza kuviuza. Ujerumani, nchi ya Brenneke, humtaka kwanza asome na kupata idhini ya kushika baruti. Katika hili mimi nipo upande wa Wajerumani. Tena kuna dhara jingine lisilo na mshindo: madini ya risasi ni sumu, huingia kwa mavumbi ya mikononi na kupitia chakulani, na huwadhuru watoto kuliko wazazi wao. Kwa hiyo banda la kusubia lisilopitisha hewa, au meza ya kusubia ambayo jioni hugeuka meza ya kulia, ni dhuluma kwa jamaa wa nyumba ile. Jimbo la California limekwisha kuikataza kabisa risasi ya madini haya katika uwindaji tangu Julai 2019.

Zama nazo zinageuka. Ohio iliruhusu mwaka 2014 baadhi ya raifali, zile za maganda yaliyonyooka ambazo risasi zake haziendi mbali sana, na majimbo ya jirani pia yamelegeza. Kasiba za shotgani zenye mitaro ndani zimeenea, na slagi zake ni za namna nyingine, zimevikwa koti la plastiki. Kalibu za umbo la kastabini, hata hivyo, zingali zinauzwa, na wanaozinunua si wote maskini.

Mwisho wa yote ni ubao wa shabaha. Mjazaji huuweka hatua hamsini, mbele ya kingo ya udongo, akapiga slagi tano bila ya haraka, akaenda kuzipima nafasi zake kwa shibiri. Zikiwa zimekaa zote ndani ya kiganja, huandika katika daftari lake tarehe, hali ya hewa, baruti, fataki na uzito. Kisha huchukua sepeto na kuzifukua slagi zake udongoni, zimepondeka mfano wa uyoga, akazisugua, akazitia ndooni ili azirudishe chunguni. Lakini hazirudishi siku ile. Huzianika kwanza juu ya bati juani, akazigeuza, akazigeuza tena, mpaka awe na yakini kwamba hakuna unyevu uliobaki katika mikunjo yake.